Cheti Chako Bado Kimo Sandukuni

Tukuyu

Mwanangu Tusekile,

Nimeupata ujumbe wako kwamba mwezi Desemba utapanda meli ya utalii kwa mara ya kwanza, kutoka Galveston hadi Cozumel, Meksiko, na kurudi, na kwamba wenzako kazini watasafiri kwa cheti cha kuzaliwa na leseni ya udereva tu. Hivyo unaomba nikutumie cheti chako. Mdogo wako amenisomea kwenye simu maelekezo ya forodha ya Marekani. Ni kweli kwamba raia wa huko, safari ikianzia na kuishia katika bandari ileile ya Marekani, anaweza kurudi kwa uthibitisho wa uraia pamoja na kitambulisho chenye picha. Lakini cheti cha wenzako kinathibitisha uraia kwa sababu wamezaliwa huko, ilhali chako kinasema umezaliwa Rungwe. Chukua pasipoti yako mpya, au angalau hati ya uraia uliyopewa ulipokula kiapo. Mimi ningechukua pasipoti, maana ukiugua Cozumel na meli ikakuacha, ndege haitakupokea bila hiyo.

Umeniuliza kama cheti bado kipo. Kipo, na nadhani hujui kilivyopatikana, ingawa siku ile ulikuwa umesimama kando yangu na sare ya shule. Tulichelewa kukusajili, na kadi yako ya kliniki ilikuwa imelowa jikoni paa lilipovuja, mvua ya huku unaijua. Tulikwenda na kadi ya ubatizo na barua ya mtendaji wa kijiji. Karani akauliza bibi yako alizaliwa wapi, nami nikajibu kweli tupu: Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe. Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ninyi ni Wamalawi." Hakuwa anauliza.

Mwanangu, mto ule ukifurika hubadili njia, ukalimega shamba la huyu na kumwongezea yule, na watu wa pande zote mbili wanazikana na kusalimiana kwa lugha moja. Ningemweleza hayo yote, lakini ulimi ulinikauka. Marehemu baba yako hakubishana. Alifungua kopo la kakao alilokuja nalo kwapani, akatoa stakabadhi ya kodi ya kichwa ya babu yako, iliyokunjwa mara nne hata mikunjo ikatoboka, akaitandaza mezani kwa vidole viwili kama mtu anayeweka kifaranga. Karani aliisoma, akasema turudi Alhamisi. Tulirudi Alhamisi nne.

Nimekuambia tangu utotoni kwamba karatasi haizai mtu, ni mtu anayezaa karatasi. Naliamini hilo hadi leo. Lakini kama naliamini kweli, mbona kila masika nalihamisha sanduku mbali na ukuta, na mbona naweza kusoma namba ya cheti chako bila kukitazama? Labda mtu aliyewahi kuulizwa mbele ya mtoto wake kwamba yeye ni wa wapi haachi tena kuzihesabu karatasi zake.

Ndiyo maana uliponipigia simu kusema umekula kiapo huko, nilinyamaza ukadhani mtandao umekatika. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na niliwaza zile Alhamisi nne. Kama ulifanya vema au vibaya, sitasema. Una watoto na kazi, na baba yako angekuwa hai pengine angecheka tu. Mimi sikucheka, lakini sitasema.

Tiketi uikate kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Cheti nitakupigia picha ukione, ila chenyewe sikitumi. Kinabaki sandukuni pamoja na ile stakabadhi. Ukifika Cozumel niandikie ulikula nini.

Mama yako