Unaanza kutengeneza visamaki vya mpira? Nunua daftari kwanza

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa mzee mmoja wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mvuvi wa mshipi, ambaye wiki moja kabla nilimwachia visamaki kumi vya majaribio, chambo bandia nilivyovipika mwenyewe. "Mwanangu, vimekwisha. Niletee vile vile." Alikuwa amepata mbasa, samaki wa ziwa hilo, watatu kwa kisamaki kimoja cha kijivu chenye mgongo wa kijani, mpaka mkia ukakatika. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikaingia bandani, nikashika vichupa vya rangi, nikagundua sikumbuki nilichofanya. Kijivu kile nilikipata kwa kukisia, tone hapa, tone pale, unga wa kung'aa kwa ncha ya kijiko. Nikapika mara nne, zikatoka rangi nne. Nikampelekea iliyokaribia. Akakigeuzageuza kisamaki juani, akakinusa, akanirudishia. "Hivi ni vizuri. Ila sivyo."

Tangu siku hiyo kijana akija kuniuliza namna ya kuanza kazi hii, namuuliza daftari lake liko wapi. Kutengeneza kisamaki kimoja kizuri ni jambo la wiki mbili. Kutengeneza cha mia moja kinachofanana na cha kwanza, hapo ndipo pesa ilipo, na hapo ndipo wengi tunapokwama. Mvuvi aliyepata samaki hataki ubunifu wako. Anataka kile kile kilichompa samaki.

Kwenye daftari andika uzito wa plastisoli, ile plastiki ya maji tunayopika, kwa gramu, rangi kwa mililita, unga wa kung'aa kwa gramu, joto ulilomiminia, namba ya kalibu (umbo la kumiminia), tarehe, na hali ya hewa ya siku hiyo. Matone usiyaamini, maana tone la chupa mpya si sawa na tone la chupa inayokaribia kwisha. Nenda duka la dawa ukanunue bomba la sindano la mililita 1, bila sindano yenyewe, moja kwa kila rangi. Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu inatosha. Bandika na kipande cha kisamaki chenyewe, ila si kwenye karatasi ya daftari, kitaloweka mafuta kurasa zote. Mimi naviweka kwenye chupa za kioo zenye namba.

Tunaviita visamaki vya mpira kwa mazoea tu. Mpira haumo. Ni plastisoli, maji mazito meupe ambayo ni unga laini wa PVC, aina ya plastiki, unaoelea ndani ya kilainishi. Ukiupasha moto, unga unanyonya kilainishi, vitu viwili vinakuwa kimoja, na kikipoa kinabaki laini. Si jambo la jana. Mwaka 1949 Nick Creme na mkewe Cosma, watu wa Akron, Ohio, huko Marekani, walipika minyoo ya plastiki jikoni kwao wakaanza kuiuza. Wewe usipike jikoni. Sufuria, kijiko na kikombe vilivyogusa plastisoli havirudi tena kwenye chakula, hata uvisugue kwa majivu siku nzima.

Najua utakachowaza, kwa sababu mimi niliwaza hivyo hivyo: plastisoli inaagizwa mbali na ni ghali, na yeboyebo zilizochakaa zimejaa mtaani, kwa nini nisiziyeyushe? Niliziyeyusha. Jozi mbili, sufuria kuukuu, jiko la mkaa, nyuma ya nyumba. Hazikuwa maji kamwe. Zilivimba, zikawa kahawia, zikatoa moshi ulionikaba koo na kunichoma macho mpaka nikakimbilia bomba. Jirani yangu, mama muuza vitumbua, akaja kuuliza tunachoma tairi la nani. PVC ikizidishiwa moto inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu inakuwa asidi. Ndiyo ile iliyonichoma. Mabomba ya maji, mifuko na viatu vina PVC ngumu, au plastiki ya aina nyingine kabisa, na vijazo usivyovijua. Achana navyo.

Mkaa nao uache. Nimeujaribu kwa plastisoli halisi, na tabu yake ni kwamba chini ya sufuria kunaungua wakati juu bado maziwa. Tumia jiko la umeme lenye kirekebisha joto, au maikrowevu kuukuu iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, na kipimajoto. Kabla ya kupika, koroga dumu mpaka chini, kwa sababu unga hutuama na kugandamana kama udongo. Usipokoroga, nusu ya kwanza ya dumu itakupa visamaki teketeke na nusu ya mwisho vigumu, halafu utalaumu rangi.

Ikianza kupata moto utaiona inabadilika. Kwanza maziwa. Halafu inakuwa uji, uji mzito wa mabonge, na hapo ndipo mwanafunzi anaponipigia simu kusema imeharibika. Haijaharibika. Endelea kuipasha polepole ukikoroga taratibu, usipige kama unayepiga mayai, mapovu utakayoingiza hayatoki kirahisi. Ikifika nyuzi 170 hivi mabonge yanalegea, na kwenye 175 hadi 180 inakuwa wazi, inateleza kama mafuta ya alizeti. Hapo ndipo unapotia rangi na kumimina. Ukiona inaanza umanjano umechelewa. Ikikaribia 200 zima, toka nje, subiri moshi uishe. Banda langu lina ukuta upande mmoja tu, na barakoa ninayovaa ni ya chujio za gesi za asidi na mvuke, ile ya kitambaa haizuii kitu hapa.

Tone moja la maji likiingia kwenye plastisoli ya moto linalipuka kuwa mvuke na kukurushia plastiki usoni. Miwani, glovu, mikono mirefu, viatu vya kufunika. Watoto mbali. Ikikudondokea ngozini inashika kama ugali wa moto. Mwagia maji baridi ya bomba kwa muda mrefu, usiibandue kwa nguvu, kisha nenda kituo cha afya.

Kalibu zangu za kwanza zilikuwa za plasta (unga mweupe wa jasi unaoganda ukichanganywa na maji), na nawashauri wote waanzie hapo kabla ya kununua za alumini. Mfano wa kwanza niliuchonga kwa kipande cha sabuni, nikiwa na usipa wa kweli pembeni: urefu wa kidole, mwembamba, tumbo la fedha. Mbasa wa Ziwa Nyasa anakula usipa, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuiga chura wa Marekani. (Wala usigandamizie plasta kwenye kisamaki cha kampuni ya mtu ukakiuza kama chako. Utakuwa umeiba, na kitamfaa samaki wa maji mengine.) Paka mfano mafuta ya mgando, ulaze kwenye plasta laini mpaka nusu, iache ishike, utoe.

Kuhusu kosa langu kubwa kwenye kalibu nilifumbuliwa macho Lyulilo, soko la Jumamosi jirani na Matema, ambako akina mama wa Kikisi huuza vyungu. Nilimsikia mama mmoja akimkaripia binti yake kwa kutaka kuchoma chungu kibichi. Alisema udongo ukiushika ukausikia baridi, maji bado yamo, na moto utayatoa kwa nguvu. Nikabaki nimesimama pale na chenji mkononi. Visamaki vyangu vyote vilikuwa na vishimo kama ndui, na mimi nililaumu plastisoli. Kumbe plasta ilikuwa mbichi ndani. Kwa Mbeya hii, Juni na Julai kalibu haikauki kwa siku mbili hata uiweke juani. Ipe wiki, zaidi kama ni nene. Iguse kwa shavu. Ikiwa baridi kuliko ukuta, bado. Ikikauka ipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka tatu, kila moja likauke kabisa.

Kumimina ni mkono. Uzi mwembamba usiokatika, kuanzia mkiani kwenda kichwani, na ukishajaza ongeza kidogo kwa sababu ikipoa inanywea na kuacha tumbo limebonyea. Shingo ya mkia ndiyo yenye kazi. Ikiwa nene mkia haupigi, ikiwa nyembamba unakatika kwa kuumwa mara moja. Milimita moja inatenganisha kisamaki kinachoogelea na kisamaki kinachoburutwa. Kijaribu kwenye maji yanayotembea. Kwenye beseni kila kitu kinaonekana kinaogelea.

Sasa jambo ambalo mafundisho ya ng'ambo hayatakuambia. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Unapanda gari Mbeya umevaa sweta, ukishapita Tukuyu unalivua, ukifika Kyela unatafuta kivuli. Plastisoli iliyopoa inalainika kwa joto na kukazana kwa baridi. Kisamaki nilichokiona kina ulaini mzuri bandani kwangu asubuhi, Matema kilikuwa teketeke, kinateleza kwenye ndoana. Kwa ziwani naongeza kigumishi kidogo. Kwa mito baridi yenye trauti, mathalani kule Mufindi, nafanya kinyume, nalainisha, maana kwenye maji yale kisamaki cha ziwani kinakuwa kama kalamu. (Na kwa trauti uliza wenye maji kwanza, sehemu nyingine haziruhusu chambo cha aina hii.) Kwenye daftari langu kila mchanganyiko una safu ya "Mbeya" na safu ya "majini".

Bwawa la Mtera, kwenye mto Ruaha, sipeleki. Yule samaki wa Ruaha mwenye meno kama msumeno anakata kisamaki vipande viwili kwa pigo moja, na sitaki kumuuzia mtu kitu cha kutumia dakika tano.

Vichwa vya madini ya risasi vya kutilia ndoana nunua tayari ukiweza. Ukiamua kuyeyusha risasi za kubalansia tairi, ni sumu inayoingia kwa moshi na kwa mikono michafu, kwa hiyo iwe sehemu tofauti, mbali na watoto, na usile kabla ya kunawa.

Kwenye bei watu wanajidanganya. Kisamaki cha urefu wa kidole kina gramu 5 hivi, na lita moja ya plastisoli ina uzito wa kilo moja na kidogo, kwa hiyo kwenye karatasi lita inatoa visamaki 200. Mimi sijawahi kuvipata. Kuna kinachobaki kwenye kikombe, kuna mikia iliyokatika, kuna vyenye mapovu. Piga hesabu kwa 150, na mwanzoni kwa 100. Weka umeme, vifungashio, nauli ya basi la mzigo, na siku yako, kisha ndiyo uweke faida. Vifungashio viulizie mapema, kwa sababu tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 si kila kifuko kinachouzwa sokoni ni halali. Ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) iliyo karibu nawe ni mahali pazuri pa kuanzia, na TIN na leseni usisubiri ukamatwe.

Vilaze bapa kwenye pakiti, rangi moja pakiti moja. Nilishawahi kutuma Iringa vyekundu na vyeupe pamoja. Vilifika vyote vina rangi ya waridi, mikia imejikunja kwa kubanwa na gunia la viazi. Mkia uliojikunja unanyooka ukiuchovya kwenye maji ya moto na kuulaza. Rangi iliyohama hairudi. Na mwambie mteja asivichanganye na chambo bandia cha plastiki ngumu, kilainishi kinakula rangi yake na kinaweza kuyeyusha hata kisanduku.

Kitu kilichonijengea wateja kuliko tangazo lolote ni ndoo. Kila mvuvi anayenunua kwangu namwambia asitupe vilivyochanika ziwani wala ufukweni, haviozi na samaki anaweza kuvimeza. Akinirudishia kumi vibovu nampa kimoja kipya. Vile vibovu navipika upya kwa rangi nyeusi na kahawia, kwa sababu plastisoli iliyopikwa mara ya pili haiwi tena angavu. Lakini kabla ya kuviyeyusha navisoma. Vikiwa vimekatwa mkiani vyote, ndoana imekaa mbele mno. Vikiwa vimepasuka kichwani, ndoana ni nene. Ndivyo nilivyojua kwamba mbasa anauma kutokea nyuma, na nikasogeza alama ya ndoana kwenye kalibu namba 3.

Yule mzee wa Matema ndiye anayejaza ndoo kuliko wote. Safari moja nikaona humo kisamaki cha kijivu, mgongo wa kijani, hakina mkia. Kilikuwa cha lile kundi la kwanza, nililolipika bila kuandika. Nimekitia kwenye chupa ya kioo peke yake, na juu ya kifuniko nimeandika kwa wino mzito: USIYEYUSHE. Nimeshafika jaribio la 31. La 27 lilikaribia sana.