Maswali ya Wasomaji: Namba 34 alikuwa nani hasa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mpwa wangu anayeishi Los Angeles amenitumia picha ya mchoro wa ukutani: jamaa mnene, jezi namba 34, macho juu. Anasema ni Fernando Valenzuela, Mmeksiko wa besiboli aliyefariki Oktoba 2024. Nimetazama rekodi yake kule Marekani: ameshinda mechi 173, ameshindwa 153. Mbona ya kawaida? Wanamlilia nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hesabu yako ni sawa, ila umejumlisha watu wawili, Valenzuela mwenye bega zima na Valenzuela aliyeumia.

Anza na wa kwanza. Kazaliwa 1960 Etchohuaquila, kijiji cha jimbo la Sonora, Meksiko, kitinda mimba wa watoto 12. Msaka vipaji Mike Brito alikuwa amekwenda kumtazama mchezaji mwingine kabisa, akaishia kumtolea macho huyu mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto. Dodgers, klabu ya Los Angeles, wakamnunua 1979.

Aprili 1981 mrushaji aliyepangwa kufungua msimu akaumia, kijana wa miaka 20 akasukumwa uwanjani. Wapinzani, timu ya Houston, hawakupata hata pointi moja. Akashinda mechi nane mfululizo, tano kati ya hizo bila wapinzani kupata kitu. Mwisho wa mwaka akabeba tuzo ya chipukizi bora pamoja na Cy Young, ile ya mrushaji bora. Mpaka leo hakuna mwingine aliyezichukua zote mbili kwa msimu mmoja.

Silaha yake ilikuwa skruboli, aliyofundishwa na mwenzake Bobby Castillo. Wakati wa kuuachia mpira, kiganja kinapinduliwa kutazama nje. Mpigaji wa mkono wa kulia anadhani mpira unamjia, kumbe unamkimbia huku unazama, naye gongo ameshalizungusha. Hayo macho uliyoyaona kwenye picha ndiyo mtindo wake: kabla ya kurusha lazima atazame juu.

Kilio chenyewe kina historia. Uwanja wa Dodgers, uliofunguliwa 1962, umejengwa Chavez Ravine, mahali ambapo familia nyingi za Wameksiko ziliondolewa miaka ya 1950. Kuna waliosusa kukanyaga hapo. Kisha akaja huyu, Kiingereza hana, kitambi kinaonekana, na tiketi zikaanza kugombewa.

Sasa bega. Fainali ya 1981, mechi ya tatu dhidi ya Yankees, alirusha mipira 147 na kuimaliza mwenyewe, 5-4. Siku hizi kocha akimwacha kijana arushe mipira mingi hivyo watu wangemshangaa. Kuanzia 1982 hadi 1987 alitupwa kazini zaidi ya vipindi 250 kila msimu (mechi moja huwa na vipindi tisa), na 1988 bega likagoma. Mimi nawalaumu waliomtumia, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kulalamika. Juni 1990 bado aliwanyima St. Louis hata pigo moja safi, mechi nzima. Machi 1991 klabu ikamwacha, akahangaika timu hii na ile hadi 1997.

Ukumbi wa Magwiji wa besiboli haukumtaka. Mwaka 2004 kura zake hazikufika asilimia 5, jina likaondolewa kwenye orodha. Dodgers waliistaafisha rasmi namba 34, yaani hakuna mchezaji mwingine atakayeivaa, mwaka 2023. Ligi ya Meksiko ilikuwa imeshaistaafisha kwa timu zake zote tangu 2019.