Mtoto kulazimishwa kukaa kipindi cha dini nyingine

Dada, pole. Nimekuelewa: binti yako yuko darasa la nne, shule ya serikali, Ijumaa ustadhi haji, basi anawekwa kwenye kipindi cha Wakristo na kuambiwa aimbe pambio.

Hapo sheria iko upande wako. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Ila usianze na ibara! Mimi wangu yalimkuta hayo hayo. Nilimfuata mwalimu wa darasa saa nne, wakati wa chai, nikauliza tu, "Mwalimu, wasio na mwalimu wao wa dini wanakaa wapi?" Kumbe aliogopa kuwaacha wazurure nje. Tukakubaliana wakae maktaba. Ikishindikana, mwandikie mwalimu mkuu barua fupi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Halafu kamati ya shule, halafu Afisa Elimu Kata.

Wakati huohuo nenda msikitini waombe mwalimu. Mara nyingi kipindi kipo kwenye ratiba, mtu wa kukifundisha ndiye hayupo.

Usimwambie mtoto agome peke yake, atachapwa yeye. Na akiadhibiwa kwa kukataa kuimba, acha mazungumzo ya chai, tafuta wanaotoa msaada wa kisheria wilayani kwenu.