Tembo wasio na pembe: je, mnyama hujibadilisha mwenyewe?

SWALI: Mhariri, ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Ruvuma. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba tembo wa Gorongosa, kule Msumbiji, wameacha kuota pembe ili majangili wasiwaue. Je, mnyama anaweza kujibadilisha hivyo? Mbona inasemekana ni majike tu? Na je, pembe zitatoweka kabisa?
Mwalimu, Songea

JIBU: Mwalimu, kwamba majike wengi wa Gorongosa hawana pembe ni kweli, lakini sababu waliyopewa wanafunzi wako si sahihi. Hakuna tembo aliyepoteza pembe kwa kuogopa risasi. Aliyejaliwa kuota pembe aliendelea kuwa nazo, na asiyeweza kuziota alizaliwa hivyo, awepo jangili au asiwepo.

Hata kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu tangu 1977 hadi 1992, takriban asilimia 18 ya majike wa Gorongosa hawakuwa na pembe. Vita vilipopamba moto, wapiganaji wa pande zote mbili waliwaua tembo kwa ajili ya nyama na pembe, hata idadi yao ikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba jike asiye na pembe alikuwa na uwezekano wa kunusurika zaidi ya mara tano ya ule wa mwenzake mwenye pembe. Ndiyo maana, vita vilipokwisha, takriban nusu ya majike waliosalia hawakuwa na pembe, na kwa kuwa hao ndio waliobaki kuzaa, sifa hiyo ikarithiwa na mabinti zao. Huo ndio uteuzi asilia: kinachobadilika ni uwiano wa sifa katika kundi zima, kizazi baada ya kizazi, wala si mwili wa mnyama mmoja mmoja, na tofauti zinazoteuliwa huwa zimekwishakuwapo kabla ya hatari kufika.

Ningependa wanafunzi wajizoeze pia kuuliza kama badiliko fulani lingeweza kutokea kwa bahati tu. Hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, ilianzishwa mwaka 1931 ikiwa na tembo 11, na miongo kadhaa baadaye karibu majike wote wa huko hawakuwa na pembe. Katika kundi dogo kiasi hicho, sifa inaweza kuenea kwa sababu tu ya nani alibahatika kubaki hai. Kwa Gorongosa watafiti walilipima jambo hilo kwa kompyuta, wakakuta kwamba bahati peke yake isingeweza kuleta ongezeko kubwa namna ile.

Kuhusu majike, ushahidi unaelekeza kwenye jeni iliyomo katika kromosomu ya X. Jike ana kromosomu mbili za X, na moja yenye badiliko hilo yatosha kumnyima pembe bila kumdhuru vinginevyo. Dume ana moja tu, na inaonekana akirithi yenye badiliko hufa kabla ya kuzaliwa. Hilo linaeleza kwa nini takriban theluthi mbili ya ndama wa majike wasio na pembe walikuwa majike. Hasara hiyo ni nzito, na kwangu mimi ndiyo sehemu ya kusikitisha zaidi ya habari hii, maana sifa inayomwokoa mama humgharimu watoto wa kiume.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Sifa inayoua madume haiwezi kuenea kwa tembo wote, na mama mwenye nakala moja ya jeni hiyo huirithisha kwa takriban nusu tu ya mabinti zake. Aidha, tembo hutumia pembe kubandua magome ya miti na kuchimba maji na madini ya chumvi, kwa hiyo pasipo bunduki mwenye pembe ndiye mwenye nafuu. Miongoni mwa majike wa Gorongosa waliozaliwa baada ya vita, wasio na pembe ni takriban theluthi moja: bado ni wengi kuliko zamani, lakini tayari wamepungua kutoka ile nusu iliyoachwa na vita.