Make Way for Tomorrow (1937): filamu isiyo na wa kumlaumu

Mkuu, umeuliza kama ipo filamu inayogusa maisha ya watu wazima hasa, yaani madeni, wazazi waliozeeka na ndoa ya miaka mingi, ambayo watu wameipita tu. Ipo: ni Make Way for Tomorrow, ya mwongozaji wa Marekani Leo McCarey. Mwaka uleule wa 1937 alitoa pia filamu ya vichekesho, The Awful Truth, iliyompa Oscar ya mwongozaji bora. Alipopokea tuzo alishukuru, kisha akawaambia wamekosea filamu, yaani wangempa kwa hii.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mzee Barkley Cooper, au Bark, na mkewe Lucy wana miaka 50 ya ndoa. Mzee hana kazi kwa miaka kadhaa, benki inachukua nyumba, naye anakaa kimya na habari hiyo mpaka zimebaki siku chache wahame. Watoto wako 5 na hakuna mwenye nafasi ya kuwachukua wote wawili. Mama anakwenda kwa mwanawe George, New York. Baba anakwenda kwa binti yao Cora, maili 300 kutoka hapo. Kumbuka sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani ilipitishwa 1935, lakini malipo ya kila mwezi yalianza 1940. Kwa hiyo mzee aliyefilisika 1937 mara nyingi alikuwa na milango miwili: nyumba ya mtoto, au nyumba ya kulea wazee.

Ubora wake wa kwanza ni kwamba haikupi mtu wa kumchukia. Chukua usiku wa karata. Anita, mke wa George, anafundisha mchezo wa briji nyumbani ili kuongeza kipato, na wageni wake wamelipa. Lucy anakuja kukaa sebuleni na kiti chake cha kubembea, nacho kinalia: kwii, kwaa, kwii, kwaa. Anachungulia karata za watu na kutoa maoni. Hapo utakuwa upande wa Anita kabisa, na ndivyo McCarey anavyotaka. Kisha simu inalia, ni Bark anapiga kutoka mbali. Lucy anapaza sauti kana kwamba ni yeye atakayeifikisha huko, anamuuliza kama anavaa nguo za joto, anamsikitikia kwa pesa aliyoitumia kupiga. Wageni wanaanza kwa kutabasamu, halafu mmoja mmoja wananyamaza, karata mkononi, hawajui watazame wapi. Hakuna muziki wa kukuvuta ulie. Akikata simu, wewe uliyekuwa unaudhika na kile kiti utajiona umekaa miongoni mwa wale wageni.

Kwa Cora mambo ni makavu zaidi. Mzee anaugua, analazwa kwenye kochi, na daktari anapobisha hodi anahamishwa mbio hadi kitanda cha chumbani ili ionekane anatunzwa. Rafiki yake mwenye duka, Max Rubens, anamletea supu, na Cora anaichukua kama tusi. Huyu binti ndiye anayekaribia kuwa mtu mbaya, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu dhaifu ya filamu, ingawa hata yeye ukimtazama vizuri utaona aibu yake ni kubwa kuliko ukali wake.

Sehemu ya kutazama mara mbili ni pale George anapokuja kumwambia mama yake kwamba ataenda nyumba ya wazee. Lucy ameshaiona barua iliyotoka huko. Kabla George hajapata neno la kuanzia, mama anamwahi: anasema yeye mwenyewe angependa kwenda. Anamwokoa mwanawe asiseme. Kisha anaomba jambo moja, Bark asijue kamwe. Beulah Bondi aliyeigiza Lucy alikuwa hajafika miaka 50, na Thomas Mitchell aliyemwigiza mwanawe wamepishana miaka michache tu, lakini hutawaza hilo hata kidogo.

Makosa ya watazamaji ni mawili. Wengi wanaichukua kama mahubiri dhidi ya watoto wasio na shukrani, wanaanza kuhesabu nani mkosaji, na wanapitwa na jinsi wazee wenyewe wanavyochosha. Wengine wanaizima katikati wakidhani itaendelea kuumiza vilevile. Usifanye hivyo. Katika sehemu ya mwisho Bark na Lucy wana saa chache tu za kuwa pamoja New York kabla Bark hajapanda treni ya California kwa binti yao mwingine, na filamu inabadilika kabisa: wanatembea, muuza magari anawapa lifti, wanaingia hoteli waliyolala fungate, wanaacha chakula cha jioni walichoandaliwa na watoto. Wakiingia ukumbini kucheza, bendi inapiga rumba, wao wamesimama hawajui pa kuweka miguu. Kiongozi wa bendi anawaona na kuigeuza kuwa waltz, dansi ya zamani wanayoijua. Watu wasiowajua wanawatendea wema kuliko damu yao, na McCarey hasemi lolote juu ya hilo. Mapema kidogo, wameketi mezani wanakaribia kubusiana, Lucy anageuka ghafla akatutazama sisi, na anasita. Ukipepesa macho limekupita.

Studio ya Paramount ilitaka mwisho wa furaha. McCarey alikataa, filamu haikuuza, na studio ikaachana naye. Lakini mwandishi wa Kijapani Kogo Noda aliikumbuka alipoandika filamu ya Tokyo Story ya 1953 pamoja na mwongozaji wake, Ozu, na hiyo ndiyo watu wanaijua leo.

Ukiitafuta, chukua toleo la 2010 la Criterion, kampuni inayotoa upya filamu za zamani, kama dakika 92, nyeusi na nyeupe. Washa maandishi ya chini, kwa sababu sauti ni ya 1937 na Bondi huongea taratibu. Na kama unawatafsiria wazee nyumbani, nyamaza kwenye ile simu. Wataielewa.