Mleta mada, usimfundishe mwanao kupumua Jumamosi

Mleta mada, acha. Hiyo klipu iache hukohuko kwenye simu yako. Usimwonyeshe mtoto Jumamosi asubuhi, usimwonyeshe kwenye basi, na uwanjani ndiyo kabisa usithubutu. Nimesoma swali lako mpaka chai imenipoa mkononi.

Kwa wanaoingia sasa hivi: kijana wa mleta mada ana miaka 14, anakimbia mita 800, Jumamosi ana mchujo wa mkoa kuelekea UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Asubuhi ya mbio anatapika, mikono inamtetemeka, usiku wake hakuna usingizi. Mzee kapata klipu ya "kupumua kwa kina" na mpango wake ni kumfundisha palepale uwanjani, dakika chache kabla ya filimbi. Kauliza pia habari ya chakula, viatu, kidonge alichoshauriwa na jirani, na jinsi ya kuongea na mtoto. Wachangiaji wa juu wote wamempongeza. Mmeniudhi, nasema wazi.

Mimi nina binti wa mbio hizohizo za 800. Hicho unachotaka kufanya nilishakifanya, neno kwa neno, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, asubuhi ya baridi, watoto wamejikunyata ndani ya trakisuti na namba zimebanwa vifuani kwa pini. Binti alikuwa anarukaruka, vidole vya baridi, hasemi. Nikamshika mabega kama nilivyoelekezwa kwenye semina moja ya wazazi. "Vuta pumzi ndefu. Jaza kifua. Shika. Vuta tena, zaidi ya hapo." Mtoto wangu ni msikivu, Mungu ambariki, akavuta kweli. Mabega yalipanda hadi masikioni. Akavuta nyingine na nyingine, haraka haraka maana muda ulikuwa unaisha na mimi ndiye niliyekuwa namharakisha.

Halafu akaniambia, "Mama, midomo inakufa ganzi."

Unajua nilimjibu nini? "Safi! Ujue inafanya kazi!"

Ndiyo. Chekeni, nimewapa ruhusa. Mimi sikucheka mpaka mwaka uliofuata.

Vidole vikaanza kumchomachoma na kujikunja, kichwa kikawa chepesi, na filimbi ikapulizwa akiwa katika hali hiyo. Mzunguko wa kwanza aliukimbia kwa mazoea. Wa pili, upande wa mbali na jukwaa, akatoka njiani na kukaa chini, ameshika kifua. Alikuwa na hakika kwamba moyo wake unasimama. Nilivyovuka uwanja kumfuata sikumbuki, nakumbuka tu mwamuzi mmoja ananifokea nitoke kwenye njia. Jukwaani kulikuwa na watu waliokwisha kuamua kwamba amerogwa na shule ya pili.

Hakurogwa. Nililipeleka swali hospitali, na daktari aliyetuhudumia alinieleza kwa upole ambao sikuustahili. Mtu akivuta na kutoa hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, anaipunguza mno hewa ya ukaa kwenye damu. Sisi tumeaminishwa kwamba hiyo hewa ni uchafu tu, kumbe mwili unaihitaji kwa kiasi chake. Ikishuka ghafla, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inasinyaa, kichwa kinazunguka, midomo na vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana. Yaani mtoto mwenye wasiwasi, ambaye tayari anahema haraka, nilimwongezea kilekile kilichokuwa kinamsumbua. Halafu nikampigia makofi.

Lakini zile mbio sizililii. Mbio zipo kila mwaka. Gharama yenyewe ilikuja baadaye. Pumzi ilishafungamana na hofu kichwani mwake. Kwa miezi, ukimwambia "vuta pumzi" anakunja uso. Alipata kikohozi, tukaenda zahanati, muuguzi akamwekea kile chombo mgongoni na kumwambia avute pumzi ndefu kama anavyomwambia kila mgonjwa, binti akaanza kulia na kutafuta mlango. Msimu mzima hakugusa viatu vya mbio. Njia ambayo ingekuja kumsaidia hata chumba cha mtihani niliichoma siku ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza kukutana nayo alikuwa amejaa hofu. Mwili unakumbuka kitu pamoja na mahali ulipokutana nacho.

Basi kanuni yangu ni moja, na nitaendelea kuirudia hata mod, msimamizi wa jukwaa hili, akinifungia: siku ya mashindano mtoto asipewe kitu chochote ambacho mwili wake haujakizoea. Pumzi mpya, hapana. Kidonge kipya, hapana. Chakula kipya, hotuba mpya, hapana.

Sasa niseme kidogo kuhusu yule bwana wa semina, maana bado ananikera. Ukumbi wa hoteli, suti ya kumbana, maiki ya sikioni kana kwamba anarusha ndege. Wazazi tulilipa kiingilio na chakula cha mchana ambacho kilikuwa ni sambusa. "Mbinu ya dakika moja! Popote! Kwa yeyote! Papo hapo!" Hakumuuliza mtu hata mmoja mtoto wake ana umri gani au anacheza mchezo gani. Hakusema kwamba kuna mtu anaweza kupata kizunguzungu. Kila mmoja akapewa cheti, changu kimelaminiwa, nakifunikia chupa ya maziwa nzi wasiingie. Baada ya yale ya uwanjani nilimwandikia. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti akinitajia bei ya semina ya hatua ya pili. Na klipu yako, mleta mada, nimeifungua: ni mtu mwingine, maneno yaleyale, "papo hapo" kaitamka tena na tena huku muziki unapanda.

Linganisha na mtu aliyejua anachofanya. Ile njia ya kukaza na kuachia misuli, aliyeiasisi ni daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, miaka ipatayo mia moja iliyopita. Yeye aliwafundisha watu kwa miezi, kundi moja la misuli baada ya jingine, wamelala chali mahali tulivu. Hakuna aliyefundishwa akisubiri bastola ya kuanzia mbio.

Sisi tulipoanza upya tulianza na hiyo, kwa sababu pumzi haikutajika nyumbani kwetu. Mkeka sebuleni baada ya chakula cha usiku, taa ya barazani tu. Kaza ngumi kwa sekunde tano hivi, halafu ziachie ghafla, usikilize mkono unavyokuwa mzito. Miguu, mapaja, tumbo, mabega, mwisho taya. Taya ndilo lililomshangaza, hakujua kwamba anatembea ameuma meno kutwa nzima. Mdogo wake naye alilala pembeni kuiga, akawa anasinzia kabla hatujafika magotini, na kicheko hicho kilisaidia kuliko maelezo yangu yote.

Pumzi ilirudi kwa mlango wa nyuma. Sikumwambia "vuta". Nilimwambia aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, ausikilize mpigo, kisha atoe pumzi polepole kama hana haraka na dunia. Moyo hupunguza mwendo kidogo mtu anapotoa pumzi na huongeza kidogo anapovuta. Wengi wanaweza kuusikia kwa vidole vyao wenyewe wakitulia, yeye aliusikia. Alifungua jicho moja akasema, "Mama, umepungua." Kuanzia hapo sikuwa na kazi ya kumshawishi. Anavuta kwa pua, pumzi ndogo ya kawaida, tumbo ndilo linapanda na wala si mabega, anahesabu nne, anatoa akihesabu sita. Akisikia kizunguzungu anaacha, anarudi kupumua anavyopumua siku zote. Kutoa ndiko kwenye dawa, na hao wa klipu wote wanahubiri kuvuta.

Halafu tukaipandisha taratibu. Ilipozoeleka mkekani, akaifanya baada ya mazoezi akiwa amechoka. Ikakubali, akaifanya kabla ya mazoezi ya kawaida. Baadaye mbio ndogo za shuleni ambazo hata kombe hakuna. Wiki kwa wiki. Ilipofika kwenye mashindano yenyewe hakuhitaji kukumbushwa, na mimi nilikuwa jukwaani, mbali, nimeficha mikono yangu maana iliyokuwa inatetemeka ni ya kwangu.

Na angalizo moja ambalo nimeona limepotoshwa huko juu. Kulala chali na kulegeza mwili mzima ni kazi ya usiku, au saa kadhaa kabla ya mbio. Usimlegeze mtoto mpaka awe uji halafu umtegemee mita 800. Mwili unahitaji kuwaka kidogo ili ukimbie: moyo kwenda mbio, tumbo kuzunguka, kwenda chooni mara kwa mara, hayo ni maandalizi ya kawaida na mwambie hivyo. Karibu na filimbi binti yangu anatoa pumzi moja ndefu, anashusha mabega, anakung'uta vidole kama aliyemaliza kuosha vyombo, basi.

Kuna mdau kauliza kama dua haitoshi. Mimi naomba, na binti anaomba. Lakini angalia vizuri: mtoto ambaye kila siku anaswali, au kila jioni anasali na familia, maneno yale mwili wake umeshayazoea, akiyasema kimoyomoyo mstarini anatulia kweli. Ni kanuni ileile. Kinachonishinda ni walimu wanaowakusanya watoto dakika ya mwisho na kukemea kwa sauti pepo la kushindwa huku wamewashika vichwa. Mtoto alikuwa anawaza mbio tu, sasa anawaza na pepo.

Na wewe uliyeandika "zamani hatukuwa na wasiwasi, Filbert Bayi alikimbia tu". Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo, na alikuwa na miaka 20. Tuliona mbio. Usiku wake wa kuamkia mbio wewe uliuona wapi? Simone Biles, yule mwanasarakasi (jimnastiki) wa Marekani mwenye medali za kila rangi, mwaka 2021 kule Tokyo alijitoa katikati ya fainali ya timu kwa sababu akili na mwili havikuwa pamoja hewani, na mtu wa sarakasi akipotea hewani anaweza kuvunja shingo. Akapumzika, akarudi kabla michezo haijaisha, akachukua shaba. Paris 2024 akabeba dhahabu tatu. Mwite mwoga kama una nguvu hizo.

Kidonge. Mleta mada, nusu kidonge cha presha cha bibi, kwa mtoto wa miaka 14? Nadhani jirani anazungumzia zile dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, aina ya propranolol. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya mno akizimeza, na pumu yenyewe ya watoto wetu wengi haijawahi kupimwa, tunaiita "kifua". Hizo anaandika daktari aliyemwona mtoto. Mrudishie jirani kidonge chake na salamu.

Na kabla hujaita kila kitu wasiwasi: mtoto akizimia katikati ya kukimbia, au akiumwa kifua wakati anakimbia, hospitali kwanza, moyo upimwe. Halikadhalika kama hali chakula wala halali hata wiki ambazo hakuna mbio, hapo mkeka hautoshi, mtafutie mwanasaikolojia au daktari. Hospitali za rufaa wapo, uliza.

Sasa Jumamosi ufanyeje? Usifanye lolote jipya. Ale alichozoea kula siku za mazoezi, saa mbili au tatu kabla, hata kama ni uji tu. Avae viatu ambavyo vimeshamzoea. Apashe mwili moto kama kocha wake anavyomfanyisha kila siku. Akitapika, mpe maji asukutue, anywe funda chache, na usifanye tukio, wapo wengi wanaotapika na wanakimbia. Usimuulize "unajisikiaje?" kila baada ya dakika mbili. Mimi nilikuwa nauliza hivyo, binti akaja kuniambia lile swali lilikuwa linamtisha kuliko wapinzani. Ongea naye habari za mpira au mbwa wenu, halafu ondoka, kakae mbali.

Jumapili jioni tandika mkeka, ulale na wewe, na muanze na ngumi. Ukikwama kwenye kuhesabu niandikie inboksi. Ulikuwa umeuliza pia namna ya kuongea na mwalimu wake, au nimechanganya na uzi mwingine? Hilo wajibu wengine, mimi nakwenda kupasha chai.