Keki ya boga isiyo na mafuta: mbona inabonyea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Masasi. Mama kaambiwa hospitali apunguze mafuta, na maboga kwetu ni tele, nikaona nimpikie keki ya boga bila mafuta kabisa. Naweka unga vikombe 2, boga la kuchemsha vikombe 2, mayai 2, sukari nusu kikombe na beking pauda vijiko vikubwa 2. Inaumuka vizuri, nikiiepua tu inabonyea, na ndani imeshikana kama ugali wa muhogo. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Shida imeanzia kwenye boga, kabla hata hujagusa unga. Boga ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na wewe umelichemsha likanywa mengine. Unga wa vikombe 2 hauwezi kuyabeba, ndiyo maana juu panaiva na katikati panabaki pabichi.

Kata vipande vikubwa pamoja na ganda, uvipike kwa mvuke au uvichome. Komba nyama, iponde, uiweke kwenye kifumbu kile cha kuchujia tui uiache ijichuje kama saa moja. Kisha iweke kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukoroge. Ukipitisha mwiko na chini ya sufuria pakaonekana kidogo kabla boga halijarudi kupafunika, epua. Lipoe kabisa, maana boga la moto huamsha beking pauda kabla ya wakati wake. Na ununue lililokomaa: ukucha hauingii kwenye ganda, kikonyo kimekauka. Yale machanga yapikie mboga.

Mafuta usiyaondoe yote. Ndiyo yanayozuia unga usivutike kama mpira pale unapokutana na maji na mwiko. Kama kwenye keki ya kawaida ungeweka mililita 120, hapa weka 60, hizo nyingine ziwe boga. Hapo tu umepunguza karibu kilokalori 500, wakati boga la kiasi hicho halifikishi 30. Tena ile rangi ya boga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi penye mafuta kidogo. Wapo wanaoweka tui zito badala ya mafuta wakidhani wamepunguza; tui zito nalo limejaa mafuta. Korosho vilevile, ingawa mtu wa Kusini humwambii asinyunyize chache juu ya keki, na mimi sikuambii.

Vijiko vikubwa 2 vya beking pauda navyo vinakuangusha. Hewa inakuja nyingi na kwa haraka, keki inapanda kabla haijapata nguvu ya kujishikilia, inaporomoka. Kwa unga gramu 250 vijiko vya chai 2 vinatosha. Hewa iliyobaki itoke kwenye mayai: piga mayai 3 na sukari gramu 120 mpaka yawe meupe na mazito, ukiinua kipigio yanayodondoka yaache alama juu kwa muda. Sukari usiishushe zaidi ya hapo, maana ndiyo inayoshikilia povu hilo. Mimina mafuta, tia boga kavu gramu 200 na iliki, halafu unga uliochekechwa na beking pauda. Geuza taratibu kutoka chini kwenda juu. Ukiona unga mkavu umeisha, acha hapo hapo.

Ipeleke motoni mara moja. Kwenye oveni ni nyuzi 170, kama dakika 40. Kwa mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, na usifunue kabla ya nusu saa. Choma kijiti katikati. Kikitoka na unyevu wa uji, bado.

Kama mama kaambiwa apunguze na sukari pia, kumbuka unga wa ngano ni wanga, nao huwa sukari mwilini, kwa hiyo ni kipande kimoja, tena chembamba. Keki hii ina unyevu na kwa joto la huku huota ukungu upesi: ikishapoa ifunike, na ikilala usiku mmoja inayobaki iingie kwenye friji.